Huokoa Umeme Kuliko Nini?

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa likizo ya Desemba, nilifunga safari hadi Kisauni, Mombasa, kumjulia hali shangazi yangu. Ni ada yangu kumzuru kila mwaka, naye ni ada yake kunipokea kwa bashasha, mahamri na mbaazi za nazi. Mwaka huo mahamri na mbaazi nilivikuta, lakini bashasha haikuwepo. Kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai, alinisogelea akaninong'oneza: "Mwanangu, nyumba hii imeingia mwizi."

"Mwizi wa nini, shangazi?" nikamwuliza.

"Wa stima," akanijibu.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Zamu yake ya kupokea fedha za chama ilipofika, shangazi alizitia zote katika friza, kwa nia ya kuuza barafu za ukwaju na kuwahifadhia wachuuzi samaki wao kwa malipo kidogo. Muuzaji alimwonyesha karatasi ya kupendeza iliyoandikwa kwa herufi nyekundu kwamba friza hiyo "huokoa umeme hadi asilimia 60", kisha akaongeza kwa kinywa chake: "Mama, hii haili stima." Shangazi akapiga hesabu zake za ukwaju, sukari, mifuko na maji. Umeme akautengea fedha kidogo tu, maadamu ameambiwa hauliwi. Miezi miwili baadaye, tokeni ya shilingi elfu moja iliyokuwa ikimtosha mwezi mzima ikawa haifiki hata siku ya kumi na mbili.

Mtu akiibiwa humtafuta mwizi. Naye shangazi, kwa kuwa friza ilikuwa imekwisha kutolewa ushahidi kwamba haili umeme, hakuishuku hata siku moja. Alimshuku mjukuu wake, msichana wa Kidato cha Tatu aliyekuwa na mazoea ya kusoma hadi usiku wa manane. Amri ikatolewa kwamba ifikapo saa tatu za usiku taa zote zizimwe. Nilipofika pale, msichana yule alikuwa amekaa majuma matano bila kufungua kitabu baada ya chakula cha jioni, na bibi na mjukuu walikuwa hawasemezani ila kwa lazima.

Rafiki yangu mmoja anayefundisha Fizikia huko Mombasa aliniazima mita ndogo ya kuchomekwa ukutani, ile inayoonyesha kifaa kimoja kimetumia umeme kiasi gani. Tuliiunganisha na friza kwa siku saba. Ikasoma uniti 14, yaani uniti mbili kwa siku, au 60 kwa mwezi. Balbu ya msichana ilikuwa ya wati 9. Ikiwaka kwa saa tatu, balbu ya namna hiyo hutumia uniti 0.027. Tukichukulia kwamba uniti moja ni shilingi 30, kiwango nitakachokitumia katika makala haya yote ili hesabu ziwe nyepesi, friza ilikuwa ikila shilingi 60 kila kukicha, ilhali balbu ya kusomea haikuwa imefikisha hata shilingi moja. Mwizi alikuwa ameketi pembeni mwa sebule, ananguruma mchana kutwa, na hakuna aliyemtupia jicho.

Shangazi alinyamaza kitambo, kisha akamwita mjukuu wake. Waliyoambiana ni yao.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu tumezoea kudhani kwamba ulaghai wa matangazo ya biashara hudhuru mfuko wa mnunuzi peke yake. Pale Kisauni ulidhuru masomo ya mtoto na ukatia sumu baina ya watu wawili wapendanao. Isitoshe, friza ile haikuwa mbovu. Ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa. Na tangazo lenyewe, tukilichunguza neno kwa neno, huenda halina hata neno moja ambalo wakili angeweza kuliita uongo. Hapo ndipo penye shida, na hapo ndipo sisi walimu, hasa walimu wa lugha, tunapopaswa kuitwa kutoa ushahidi.

Hebu tuichambue sentensi hiyo kama tunavyochambua sentensi ubaoni: "Huokoa umeme hadi asilimia 60."

Kiambishi "hu-" ni cha mazoea. Hakibebi nafsi wala wakati. Huokoa lini? Huokoa wapi? Katika nyumba ya nani? Sarufi yenyewe imemruhusu mwandishi wa tangazo kuyaruka maswali hayo yote. Kisha kuna neno "hadi". Neno hili huweka mpaka wa juu tu, wala haliahidi lolote chini ya mpaka huo. Mwanafunzi akimwambia mzazi wake kwamba atapata hadi alama 90, kisha akapata 12, hajavunja ahadi yoyote. Halafu kuna kitenzi "kuokoa". Huokolewa kitu kilichokuwa karibu kupotea. Friza haiokoi umeme, friza hutumia umeme. Linaloweza kusemwa ni kwamba inatumia kidogo kuliko friza nyingine fulani.

Na hilo ndilo neno lisilokuwepo: "kuliko". Mwanafunzi wa darasa la nne akiandika "Juma ni mrefu kuliko" kisha akaweka nukta, mwalimu humrudishia daftari lake akamalizie. Wafanyabiashara wakituandikia sentensi hiyo hiyo iliyokatika, sisi hufungua mkoba.

Nilikwenda katika duka lile alikonunua shangazi. Kijana aliyenihudumia alikuwa mwenye adabu, wala sina kinyongo naye. Nilimwuliza: "Asilimia 60 kuliko nini?" Akajibu: "Kuliko zile za zamani, mwalimu." Nikauliza za zamani zipi, za mwaka gani, za ukubwa gani. Akatabasamu, akanionyesha rangi nyingine za friza. Hakuwa ananificha jambo. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila tangazo la kupunguza matumizi ya umeme ni hadaa. Chukua balbu. Ile ya zamani ya waya, ya wati 60, hutoa mwanga unaokaribiana na wa balbu ya LED ya wati 9. Mtu aliyekuwa na balbu ya waya, akiiwasha saa nne kila siku, huponya takriban uniti 74 kwa mwaka kwa kuhamia LED, yaani zaidi ya shilingi 2,200 kwa balbu moja. Hayo ni maendeleo ya kweli, na aliyeyaleta anastahili shukrani.

Lakini tazama linalotokea kulingana na neno linalofuata "kuliko". Wakenya wengi waliacha balbu za waya zamani, wakahamia zile za mrija uliopindwa, ambazo kwa mwanga huo huo hutumia kama wati 14. Mtu huyo akihamia LED, kwa saa zile zile nne, huponya uniti saba hivi kwa mwaka, thamani yake ikiwa shilingi 219. Kopo la balbu halimwelezi hayo. Linamtangazia asilimia 85 au 90, likimlinganisha na balbu ambayo hanayo na pengine hajaiona tangu utotoni. Hesabu ni sahihi, ila si yake.

Kuna madai mengine ambayo hata hesabu hayana. Nimewahi kuona birika la umeme likisifiwa kwamba huchemsha maji kwa nusu ya umeme. Kuchemsha lita moja ya maji ni kazi yenye kipimo kisichobembelezeka. Kila kilo ya maji hudai kilojuli 4.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wetu, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama kule Pwani. Kuyatoa kwenye nyuzi 20 hadi 95 ni kilojuli 315, ambazo ni karibu uniti 0.09. Birika la kawaida tayari hupeleka sehemu kubwa mno ya umeme wake ndani ya maji. Hakuna fundi awezaye kuunda birika litakalofanya kazi hiyo kwa nusu ya kiasi hicho, kwa kuwa atakuwa anaumba kawi kutoka hewani. Wala birika la wati 1,000 halina nafuu kuliko la wati 2,000. Lile dogo huchukua muda mara mbili, na kwa kuwa joto linavuja muda wote huo, huenda likatumia zaidi kidogo. Mwanafunzi wa Fizikia anayajua haya. Swali ni kama huyakumbuka anapoandamana na mamake dukani.

Hita za bafuni zinazopasha maji papo hapo nazo zimeenea mno mijini, na nyingi huvuta wati 5,000 au karibu na hapo. Tangazo husema zinaokoa umeme. Kuliko nini? Kuliko tangi linalotunza maji moto usiku kucha bila mtu kuoga, yaweza kuwa kweli. Kuliko maji yaliyopashwa na jua juu ya paa, si kweli hata kidogo. Mtu akioga kwa dakika kumi hutumia uniti 0.83, yaani shilingi 25. Watu watano wakioga kila siku ni shilingi 3,750 kwa mwezi. Ni afadhali mnunuzi aambiwe hivyo waziwazi, kisha achague kuoga kwa dakika nne akipenda.

Yupo atakayesema: lakini si kuna lebo za serikali? Naam, zipo, na ni jambo la heri. Kanuni za lebo za kawi zilitungwa nchini mwaka wa 2016 chini ya Tume ya Kudhibiti Kawi (ERC), ambayo Sheria ya Kawi ya 2019 iliigeuza kuwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Friji, viyoyozi na aina fulani za taa vilitakiwa kuwa na lebo yenye nyota, kuanzia moja hadi tano. Birika, pasi na hita za bafuni hazikuwemo katika orodha hiyo, na kwa hiyo ndimo chuku zinamostawi.

Hata hivyo, nyota nazo zahitaji msomaji. Friji hulinganishwa na friji za ukubwa wake, kama mwanafunzi anavyolinganishwa na wenzake wa darasa moja. Friji ya lita 500 yenye nyota tano yaweza kula umeme zaidi ya friji ya lita 100 yenye nyota tatu. Muuzaji huzihesabu nyota kwa sauti. Mnunuzi na azitafute uniti kwa mwaka, kwa maana nyota hazilipiwi tokeni, uniti ndizo hulipiwa.

Friza ya shangazi ilikuwa na kibandiko cha Ulaya chenye alama "A+". Walimu watanielewa upesi nikiwaeleza historia ya alama hiyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianzisha lebo za kuanzia A hadi G katika miaka ya tisini. Friji zilipozidi kuwa bora, badala ya kuupandisha mtihani, waliongeza alama: A+ na A++ mwaka wa 2003, kisha A+++ mwaka wa 2010. Kuanzia Julai 2012, friji mpya ya kawaida ya umeme iliyoshindwa kufikia A+ haikuruhusiwa kuingia sokoni humo. Kwa maneno mengine, A+ ndiyo iliyokuwa alama ya mwisho darasani. Mnunuzi aliyeona herufi A na alama ya kujumlisha alidhani amempata mwanafunzi hodari, kumbe amechukua wa mkia. Mwezi Machi 2021 Ulaya iliifuta mizani hiyo, ikarudia A hadi G kwa kipimo kigumu zaidi. Vibandiko vya zamani, hata hivyo, husafiri pamoja na friji zake, na shangazi yangu aliletewa kimoja hadi Kisauni.

Chini ya alama hiyo palikuwa na maandishi madogo: uniti 270 kwa mwaka. Hizo ni pungufu ya 23 kwa mwezi, nasi tulipima 60. Mbona tofauti kubwa hivyo? Kwa sababu kipimo kile kilifanywa katika chumba cha maabara chenye joto la nyuzi 25, mlango wa friza ukiwa umefungwa. Friza ya shangazi hukaa chini ya paa la mabati, hufunguliwa na kila mtoto anayetaka barafu, na kila asubuhi hutiwa ndoo mbili za maji ya ukwaju na samaki waliotoka baharini. Kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwaka wa 2015 hupima friji katika nyuzi 16 na nyuzi 32, na hayo ni maendeleo. Lakini maabara haiuzi barafu.

Kuna herufi nyingine ndogo katika kibati cha nyuma ya friji ambazo ni wachache wanaozisoma: SN, N, ST au T. Hazielezi friji itakula umeme kiasi gani, bali zaeleza imeundwa kuvumilia joto la chumba kiasi gani. SN na N hukomea nyuzi 32, ST nyuzi 38, na T nyuzi 43. Mkazi wa Mombasa, Garissa au Lodwar anayeuziwa friji ya N ameuziwa koti la Limuru.

Wapo pia wanaodanganya kwa makusudi, tena wakubwa. Mwaka wa 2010 shirika la kutetea watumiaji la Australia, Choice, lilizipima friji za LG na kugundua kwamba aina mbili zilikuwa na kifaa kilichotambua hali ya joto ya chumba cha mtihani, kisha kikaifanya friji itumie umeme kidogo kuliko ambavyo ingetumia nyumbani. Ni sawa na mwanafunzi anayekuwa na nidhamu siku ile tu mkaguzi wa elimu anapozuru shule. Mwaka huo huo, ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani (GAO) iliunda kampuni za uongo na kuwasilisha bidhaa 20 za kubuni ili zipewe nembo ya Energy Star, nembo ya serikali ya huko ya matumizi bora ya kawi. Bidhaa 15 zilikubaliwa, ikiwemo saa ya kuamshia watu inayoendeshwa kwa petroli! Baada ya aibu hiyo, Wamarekani walianza kudai vipimo kutoka kwa maabara zisizo za mtengenezaji.

Nayo mahakama ya Umoja wa Ulaya, mwezi Novemba 2018, ilibatilisha lebo ya mashine za kufyonza vumbi kwa sababu zilikuwa zikipimwa zikiwa tupu, jambo lililolalamikiwa na kampuni ya Dyson. Ni nani anayefagia nyumba isiyo na vumbi?

Ukiyatazama mambo hayo matatu utaona kwamba ulaghai au kasoro haikufichuliwa kwa hasira wala kwa mahubiri. Ilifichuliwa kwa sababu mtu mmoja aliuliza kilichopimwa ni nini, na kilipimwa vipi.

Swali hilo hilo ndilo lingewafukuza wauzaji wa kile kijisanduku kinachochomekwa ukutani, kikawaka taa ya kijani, na kudaiwa kwamba hupunguza malipo ya umeme kwa theluthi au nusu. Uongo huu umejengwa juu ya chembe ya ukweli. Ndani yake mara nyingi mna kapasita. Viwanda vyenye mota kubwa huvuta umeme mwingine usiofanya kazi, unaokwenda na kurudi katika nyaya, na wateja wakubwa wa Kenya Power hutozwa pia kwa uzito wa mzigo wao wote. Huko kapasita zilizopimwa vyema huleta nafuu. Lakini mita ya nyumbani huhesabu kilowati-saa, yaani umeme uliofanya kazi tu, na huo kapasita haiwezi kuupunguza. Kijisanduku hicho hakiokoi chochote, na ile taa yake ya kijani ndiyo pekee inayotumia umeme humo.

Kuna hoja moja ambayo wafanyabiashara hunijibu nayo, na sina budi kuipa haki yake. Wao husema kwamba kila mtu anajua matangazo ni chuku. Akisema mtu kwamba soda yake ni tamu kuliko zote duniani, hakuna anayekwenda mahakamani. Ni kweli. Lakini utamu wa soda mnunuzi huupima kwa ulimi wake siku ile ile, na asipopendezwa hanunui tena. Umeme hauonekani, hauonjwi, wala hautofautishwi kifaa kwa kifaa katika risiti ya tokeni. Mnunuzi hana ulimi wa kuuonja. Kwa hiyo mtu anapomtajia asilimia, si chuku tena, ni ushahidi, na ushahidi una masharti yake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hawakuishi na bidhaa ambayo ubaya wake hauonekani mpaka mwezi wa tatu.

Wala sheria haiko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa, na kikaliagiza Bunge litunge sheria za matangazo ya haki, ukweli na heshima. Tunayo Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, na zote zinakataza maelezo ya kupotosha. Lakini shangazi yangu hatakwenda mahakamani kwa sababu ya uniti 37 kwa mwezi, na wauzaji wanalijua hilo. Pendekezo langu ni dogo. Tangazo lolote litakalotaja kupunguza umeme, liwe redioni, ukutani au katika gazeti hili ambalo nalo huishi kwa matangazo, lilazimishwe kutaja mambo matatu kwa herufi za ukubwa ule ule: kuliko kifaa gani, katika joto na matumizi gani, na uniti ngapi kwa mwaka. Asiyeweza kuyajaza hayo matatu na aisifu rangi ya friji yake.

Tukiingoja siku hiyo, walimu wenzangu, tuna kazi darasani. Katika isimujamii tunawafundisha wanafunzi sajili ya matangazo. Wanakariri sifa zake: chuku, takriri, sentensi fupi, msamiati wa kuvutia. Wanaziorodhesha katika karatasi ya mtihani na kupata alama zao. Nimefundisha somo hilo kwa miaka mingi, na nakiri kwamba sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja alete tangazo la kweli kutoka nyumbani, tulisome pamoja na mwalimu wa Fizikia, kisha tulitafutie neno lililoachwa. Tulifundisha jinsi mtego unavyopambwa bila kufundisha kwamba ni mtego. Mjukuu wa shangazi alikuwa amejifunza sajili hiyo muhula ule ule aliozimiwa taa.

Zoezi lenyewe halihitaji fedha. Mwanafunzi yeyote ambaye kwao kuna mita ya tokeni anaweza kuisoma jioni na kuisoma tena asubuhi, friji ikiwa imewashwa na vingine vyote vimezimwa. Anaweza kusoma wati zilizoandikwa chini ya pasi, akazizidisha kwa saa na kugawanya kwa elfu moja. Akifanya hivyo mara tatu, hatadanganyika kwa wepesi, na huenda akawa ndiye mtu wa kwanza nyumbani mwao kujua fedha za umeme huenda wapi.

Shangazi bado anayo friza ile. Aliisogeza mbali na ukuta na jiko, akaweka saa maalumu za kuifungua, na akaongeza malipo kidogo kwa wachuuzi wa samaki. Faida anayopata si ile aliyoitarajia, lakini anaijua. Msichana alirudia vitabu vyake, ingawa majuma yale matano hakuna aliyemrudishia.

Nawe, msomaji, utakapoambiwa tena kwamba kifaa fulani huokoa umeme, usibishane na muuzaji wala usimtukane. Mwombe tu kwa heshima aimalizie sentensi yake.